Umri ukisogea, mnapiga nyimbo zenu au kopi?

Solo_Mwanjelwa: Wakuu habari za jioni. Niko Mbeya, nina miaka 47, napiga gitaa la solo. Bendi yetu siku zote tunapiga tungo zetu wenyewe, sasa wenzangu wanataka tuhamie kopi, yaani nyimbo za wengine, na zilipendwa kwa ajili ya maharusi na baa, wanasema watu wazima hatuna tena muda wa kutunga. Hela ni kweli ipo ila roho inaniuma sana, wimbo usipopigwa unakufa. Mliopitia hii mlifanyaje?

besi_kihesa: Kamwene kaka. Mimi niko Iringa bendi ya kopi na sijutii. Wimbo wenu unataka wote mkutane mazoezini, sasa wa drams ana duka, mwimbaji yuko Ilula kwenye nyanya, wa kinanda ni mwalimu, mtakutana lini? Kopi kila mtu anaisikiliza kwenye simu nyumbani, Jumamosi mnakutana ukumbini kazi inaanza. Na harusini watu wamekuja kucheza, piga wasioujua uone wanavyorudi kwenye viti.

Mzee wa Chemko: Hapo kwenye umri nakataa. Marehemu Gurumo, mwimbaji wa dansi, alikuwepo bendi ya NUTA Jazz tangu 1964, akapita bendi ya Mlimani Park, na uzeeni bado alikuwa anaimba Msondo, ndiyo ile ile NUTA iliyobadili jina. Ila NUTA ile ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, vyombo vya chama, mshahara upo, mazoezi ndiyo kazi yenyewe. Sisi nani anatulipa kufanya mazoezi? Hilo ndilo tatizo, siyo miaka, maana mtu mzima ameoa, amezika, amedaiwa, ana mengi ya kuimba kuliko kijana. Sisi huku Njombe ukumbi ukishachangamka na zilipendwa, tukifika kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kasi ya kucheza, hatusimami, solo anaingiza gitaa la wimbo wetu humo humo, mwendo ule ule, watu wanaendelea kucheza wala hawajui kama wimbo umebadilika.

Solo_Mwanjelwa: Dah hii sijawahi kuijaribu mzee wangu. Ufunguo je, yaani sauti ambayo wimbo umekaa, mwimbaji hapotei?

Mzee wa Chemko: Anza na wimbo wenu. Kama uko kwenye ufunguo wa G, tafuta zilipendwa ambayo mwimbaji anaimudu kwenye G, ndiyo muitangulize. Na hizo tungo kazisajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hazijazoeleka kumbini.