Nimebadilisha pawa saplai ya kompyuta, feni zinazunguka ila monita nyeusi tii

Steshenari Ligula:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana kazi zimesimama. Niko Mtwara mjini, Ligula, nina ofisi ndogo ya kuchapa na kutoa kopi, juzi umeme ulikatika ukarudi na nguvu, kompyuta ya mezani ikazima palepale na harufu ya kuungua ikatoka kwenye pawa saplai, lile boksi la ndani linalogawa umeme. Fundi wa mtaani akaniletea nyingine ya wati 500, akafunga, akawasha, feni zote zinazunguka na taa ya mbele inawaka lakini monita haipokei kitu, ule mlio wa kuwaka hakuna, hata taa za kibodi haziwaki. Anasema madabodi (ile bodi kuu ya ndani) imekufa ninunue nyingine. Roho inasita kwa kweli. Prosesa ni Core i5 kizazi cha 4, mashine haina kadi ya picha, waya wa monita umechomekwa kwenye madabodi yenyewe.

Mdau wa Masasi:
Pole sana kaka, madabodi usinunue kwanza! Feni kuzunguka haimaanishi prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inapata umeme. Ule waya mpana wa pini 24 ni wa madabodi, kuna mwingine wa pini 4 au 8 unachomekwa jirani kabisa na prosesa, mara nyingi kona ya juu, na huo ukisahaulika mashine inafanya hivyohivyo unavyosema, feni zinapiga kazi ila picha hamna na mlio hamna. Zima, chomoa ukutani, fungua kava uangalie kama kuna soketi iko tupu.

Ila tafadhali sana, usije ukachomeka waya wa kadi ya picha hapo, inafanana. Wa prosesa unagawanyika 4 na 4, wa kadi ya picha 6 na 2. Kwa prosesa nyaya za njano za volti 12 ziko upande wa kile kilimi cha kubania, kwa kadi ya picha ni kinyume, ukilazimisha ikaingia unapiga shoti na hapo madabodi itakufa kweli. Kama nyaya zote ni nyeusi soma maandishi kwenye kichwa cha waya.

Dada wa Lindi:
Naongezea hapo kwa kaka wa Masasi. Ukiwa umeshafungua toa na RAM, kile kibao cha kumbukumbu, futa yale meno yake kwa kifutio cha penseli, rudisha mpaka ibane pande zote mbili. Sisi wa pwani hewa ya chumvi inakula vitu hivi, nimeshaona mashine nyingi zinafufuka kwa kifutio tu. Halafu ni Dell? Nauliza kwa sababu OptiPlex 9020 na wenzake bodi yake inatumia pini 8 badala ya 24, pawa saplai ya kawaida inataka adapta.

Na kwa wengine wanaosoma, zile pawa saplai zenye kiswichi chekundu nyuma hakikisheni kiko volti 230 kabla ya kuchomeka, ikiwa 115 kwa umeme wetu inalipuka hapohapo.

Steshenari Ligula:
Dada si Dell, ni ya kuunganisha. Nimefungua na tochi ya simu, kweli juu ya prosesa kuna soketi ya pini 8 tupu kabisa na waya wake umefungwa kwa kamba ya plastiki pamoja na nyaya zisizotumika, nyuma ya hadi diski. Nimeikata ile kamba, nikachomeka mpaka kilimi kikabana, kuwasha tu mlio mmoja na picha hii hapa!!! Asanteni mno. RAM nayo nimeifuta. Sasa saa inarudi nyuma miaka kila nikizima.

Mdau wa Masasi:
Safi sana kaka, nimefurahi mno. Hiyo saa ni kibetri cha volti 3 kwenye madabodi, CR2032, bei ndogo tu, hata wauza saa wanazo. Ila ukitoka hapo tafuta gadi kama ile ya friji, inachelewesha kidogo umeme ukirudi, maana ule mshtuko wa kurudi ndio unaua hivi vitu. Na ile pawa saplai iliyoungua usiifungue wala watoto wasiichezee, kapasita za ndani, vile vipande vinavyotunza umeme, zinabaki na umeme hata ukishachomoa.