Tupeane uzoefu: mboga na matunda Unguja, zao linakufia wapi?

Mwana wa Muyuni
Assalaam alaykum ndugu zangu. Leo alfajiri mnadani matenga ya tungule (nyanya) za Ilula, bara, yamepangwa mpaka njiani, na za kwetu za Kusini zimekaa pembeni zikilainika. Nimeona vyema tuulizane: kisiwa kidogo hiki, zao linakufia wapi khasa? Majini, ardhini, kwa nzi, au sokoni? Tafadhali semeni kwa vipimo, ndoo ngapi, siku ngapi, shimo la ukubwa gani, ili anayeanza aweze kushika.

Kisima Kirefu
Majini. Na halifi siku moja.

Hesabu ni hii. Robo eka ya tungule, mstari hadi mstari sentimita 90, mche hadi mche 45, ni miche kama 2,500. Jua la Januari na Februari, mche wenye matunda unataka lita mbili kwa siku. Hizo ni lita 5,000, yaani simtanki la lita 1,000 lijae mara tano kila siku ya Mungu. Sasa kisima cha Jambiani, Paje au Makunduchi hakina mto chini yake. Maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari humo humo ndani ya jiwe. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyopanda juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 zilizozama chini. Kwa hesabu hiyo hiyo, ukivuta mpaka usawa ukashuka nusu mita, chumvi inakufuata mita 20 kwenda juu. Pampu kubwa ya mafuta iliyowashwa asubuhi ikazimwa adhuhuri inatosha kukiharibu kisima kilichonywesha mtaa miaka yote.

Na dalili zake zinadanganya. Kwanza ncha za majani ya chini zinaungua rangi ya kahawia. Kisha mche unalegea saa sita mchana na huku udongo bado mbichi. Mkulima anaona kiu, anaongeza maji, na maji ni yale yale. Wiki ya pili au ya tatu unaona ukungu mweupe juu ya udongo kuzunguka kila tundu la mpira wa matone. Hapo matunda yamegoma kukua, na chini yanafanya kidonda cheusi. Siku ambayo mtu anaonja kisima na kusema "kweli, maji yamekolea", zao limeshakwisha. Ulimi unachelewa. Maharage huanza kupunguza mavuno maji yakifika 0.7 kwenye kipimo cha chumvi (desisimensi kwa mita), vitunguu 0.8, pilipili hoho 1.0, tungule na matango 1.7. Mviringe mwekundu (bitiruti), ule wa saladi, unastahimili mpaka 2.7.

Kwa hiyo: pampu ndogo, vuta kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku ujaze tangi. Mdomo wa bomba usiufikishe chini ya kisima, uning'inize karibu na uso wa maji. Pima maji yakijaa na yakipwa, bamvua na maji mafu, kwa sababu mawe yetu yana vijia vinavyokwenda moja kwa moja pwani, na kisima kimoja kinaweza kukupa vipimo viwili tofauti siku moja.

Bi Mchicha
Umesema kweli tupu. Pampu ya jirani pia inavuta maji yako.

Shamba la Bambi
Hicho kidonda cheusi chini ya tungule ni upungufu wa kalisi, si chumvi. Dawa yake chokaa. Vijiko viwili vya chakula kila shimo kabla ya kupandikiza.

Mtaimbo
Ndugu yangu wa Bambi, kwako kwenye kinongo (udongo wenye kina) sawa, lakini usimwambie mtu wa maweni, kwenye ardhi ya jiwe la matumbawe, amwage chokaa. Shamba lake lote ni chokaa! Jiwe lile ndilo lenyewe. Kalisi imo tele, haifiki kwenye tunda kwa sababu maji yanaingia kwa kusitasita: leo mengi, kesho hamna. Na chumvi nayo inazuia mizizi isinywe. Dawa ni kumwagilia sawasawa kila siku na kufunika udongo.

Ukiongeza chokaa maweni unaleta balaa la pili. Majani machanga yanakuwa manjano na mishipa inabaki kijani. Hapo mche unalilia madini ya chuma, na yamo ardhini ila yamefungwa. Kwenye udongo uliopita pH 7.5, chuma cha EDDHA (mbolea ya chuma isiyofungwa na chokaa) ndicho kinachofanya kazi. Za bei nafuu zinaganda kabla hazijafika mzizini. Urea nayo usiinyunyizie juu, inapaa hewani. Tumia SA (salfeti ya amonia), na uifukie sentimita tano.

Shamba la Bambi
Nimekubali kwa maweni. Lakini kichwa cha mjadala kinasema Unguja, si Makunduchi peke yake. Huku Kati na Magharibi udongo una kina, na kinachotuua ni mnyauko. Mche umesimama asubuhi, jioni umelala ukiwa kijani bado. Kata shina karibu na udongo, litumbukize kwenye gilasi ya maji safi bila kulitikisa. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, ni bakteria, na hakuna dawa ya kupiga itakayouponya. Ng'oa na udongo wake, choma, na hapo usirudishe tungule, bilingani, pilipili wala mbatata kwa misimu kadhaa. Weka mahindi au vitunguu. Wengi wanaona mche umekufa wanapandikiza mwingine shimo lile lile, wiki mbili umekufa nao.

Fundi Matone
Nyongeza kwa waliofunga mipira. Maji yetu yana chokaa, tundu zinaziba na mstari wa mwisho unakauka bila mtu kujua. Chujio la matundu 120 kwa inchi (mesh 120) kichwani mwa mfumo, lioshwe kila siku. Fungua ncha za mipira mara moja kwa wiki, acha maji yatoke mpaka yawe meupe. Zikishaziba, asidi ya ndimu ya unga iliyokorogwa kwenye maji, ijaze mipira ilale usiku mmoja, asubuhi uisafishe kwa maji mengi. Tembea na kikombe: weka chini ya tundu la mwanzo na la mwisho kwa dakika tano, ulinganishe. Ukiona nusu kwa nzima, mfumo umekufa upande mmoja.

Kijana wa Kizimkazi
Samahanini wakubwa. Mimi naanza. Shimo la maweni linachimbwaje?

Mtaimbo
Mwanangu, usichimbe popote. Fuata mifuko ya udongo, pale ambapo magugu yanakua marefu kuliko pembeni. Mtaimbo unakuambia: ukizama bila kulia, kuna kina. Kwa papai shimo la sentimita 60 kwa 60, na kina 60 ikiwezekana. Kwa pilipili na bilingani 45 zinatosha. Vunja sakafu ya jiwe angalau ufa mmoja maji yapate pa kutokea, la sivyo masika shimo linakuwa ndoo na papai linaoza shingo. Changanya udongo uliotoka na ndoo moja ya lita 20 ya samadi iliyooza (samadi mbichi inaunguza), uache wiki mbili huku ukilowesha. Juu funika makumbi ya nazi au majani makavu, unene wa kiganja.

Bi Mchicha
Na mwani unaotupwa na bahari, bure kabisa. Unashikilia unyevu.

Kisima Kirefu
Bi Mchicha, dada yangu, hapo nakupinga. Tunakimbia chumvi ya kisima halafu tunaibeba kwa polo kutoka pwani?

Bi Mchicha
Hauwekwi kama ulivyotoka, kaka. Unaurundika wazi mwanzo wa masika, mvua zote ziupitie, unaupindua, ukifika Julai umekuwa mweusi na laini. Hapo chumvi imekwisha kushuka. Rundo liwe mbali na kisima.

Kisima Kirefu
Hiyo ya mbali na kisima ndiyo watu wanayoisahau. Sawa, nimekuelewa.

Babu Kangaja
Mnazungumza maji na udongo, nzi je? Matikiti unaweza kuyapitisha salama mpaka siku ya 80, ganda zuri, uzito mzuri, mteja akipasua pale pale sokoni nyama yote inatembea funza. Mzigo mzima unakataliwa kwa tikiti moja, na jina la kijiji linaharibika msimu wote. Hakuna aibu kubwa kwa mkulima kama hiyo. Tundikeni chambo cha methili eujenoli mashambani, kinawamaliza.

Shamba la Bambi
Babu, shikamoo. Kwa heshima zote, chambo hicho ni cha nzi wa embe, yule wa kutoka Asia aliyegundulika Kenya mwaka 2003, kisha na kwetu Tanzania. Nzi wa matikiti na matango ni mwingine, na methili eujenoli hana habari nayo. Yeye anaitikia chambo cha kyulua (cue-lure). Watu wanatundika makopo ya embe kwenye matikiti, wanayakuta matupu, wanasema nzi hawapo.

Babu Kangaja
Marahaba. Hilo la makopo matupu limetokea sana huku, na wauzaji wanatoa kopo moja kwa kila kitu.

Shamba la Bambi
Na vyambo vyote viwili vinavuta madume. Jike anayetaga anaendelea, kwa hiyo mtego mmoja au miwili kwa eka unakujulisha tu kama nzi wamefika. Jike anamalizwa kwa chambo cha protini kinachopigwa kwa madoa chini ya majani, na kwa usafi. Funza akimaliza kula anashuka ardhini, sentimita chache tu, kugeuka pupa kabla ya kuwa nzi. Basi okota yaliyoanguka kila siku, yafukie zaidi ya nusu mita au yatie kwenye pipa lenye mfuniko unaobana na uliache juani wiki mbili. Kumwaga pembeni mwa shamba ni kuwafuga. Tikiti likiwa la ukubwa wa ndimu lifunike nyasi kavu. Embe boribo na muyuni zivisheni mifuko ya karatasi zikiwa kama yai.

Kijana wa Kizimkazi
Na kunguru? Wanatoboa papai kabla halijaiva.

Babu Kangaja
Papai likipata mstari mmoja tu wa njano, kata, liivie ndani kwenye makuti. Huyo ndege aliletwa hapa mwishoni mwa karne ya 19 kula taka. Taka za sokoni na hotelini zikizagaa, naye anazidi.

Mchuuzi wa Mnadani
Niwape upande wa soko, maana hapo ndipo nyingi zinakufia zikiwa nzima. Tungule ya Unguja inashindwa kwa tarehe. Wote mnapanda vuli ikianza, wote mnavuna pamoja, na bara nao wanashusha. Hesabuni kurudi nyuma: kitaluni siku 28, kisha siku 75 mpaka tunda la kwanza, jumla 103. Mzigo wa katikati ya Disemba mbegu iingie kitaluni siku za mwanzo za Septemba. Wa Julai, wageni wanapojaa, mbegu iingie mwisho wa Machi, na hapo ndipo wengi wanaogopa masika. Wana haki, lakini tuta la sentimita 30, kitalu chini ya paa la nailoni, miti ya kuegemeza, na kuondoa majani yote yanayogusa udongo, ndiyo yanayotenganisha anayevuna na asiyevuna. Dawa ya bakajani (ugonjwa unaounguza majani) inapigwa kabla ya mvua, ugonjwa ukishaingia huuwezi.

Hoteli hazikatai mboga zetu kwa ladha. Zinataka kilo zile zile kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ukubwa mmoja, ndani ya kreti za plastiki. Tenga la mbao linabana za chini, zinafika zimetoa maji. Kwa hiyo pandeni kwa mafungu, kila wiki tatu sehemu ya shamba, badala ya lote siku moja. Na malipo yao wengine ni baada ya siku 30 mpaka 60. Mwenye robo eka hawezi kungoja hivyo na huku mafuta ya pampu ni ya leo, kwa hiyo angalau nusu ya mzigo iende mnadani kwa fedha taslimu.

Mwana wa Muyuni
Kumbe tarehe nayo ni mdudu. Nashukuru sana mchuuzi.

Kijana wa Kizimkazi
Kipimo cha chumvi sina. Kuna njia ya kujua maji kabla sijapanda?

Kisima Kirefu
Ipo, mwanangu. Chukua makopo mawili yaliyotobolewa chini, udongo mmoja, maharage kumi kila kopo. Moja limwagilie maji ya mvua, jingine ya kisima chako, siku 14. La kisima likichelewa kuota au ncha za majani zikiungua, usipande maharage wala vitunguu hapo. Anza na mviringe. Na rudia jaribio hilo mwezi wa Februari, kisima kinapokuwa na hali mbaya kuliko zote.

Kijana wa Kizimkazi
Maharage nimeloweka usiku huu.