Kisumu: mdogo wangu ana miaka 19, watu kama yeye wanachezea wapi?

Tuktuk ya Kondele:

Hamjambo. Nina mdogo wangu wa kiume, ana hali ya Down, yaani amezaliwa na ulemavu wa akili. Mwaka jana shule yake ya mahitaji maalum ilisema umri umepita, wakampa cheti na godoro lake, tukarudi naye Manyatta. Tangu siku hiyo kazi yake ni kupanda tuktuk yangu. Kondele, mjini, Nyalenda, Dunga, tunarudi. Anakaa mbele nami, nusu kwenye kiti, nusu kwenye paja langu, na kila abiria lazima apewe mkono. Wengine wanacheka naye. Wengine wanashuka kabla ya stage yao.

Shuleni walikuwa na michezo kila Ijumaa, sasa hana. Jioni anakwenda kiwanja cha karibu na kwetu ambako vijana wanapiga mpira. Wanamwita Kocha. Nilidhani ni heshima, mpaka siku moja nilipokaa kwenye kibanda cha chipsi nikatazama. Kazi ya Kocha ni kuokota mpira ukiingia mtaroni. Anashuka kwenye yale maji meusi, anautoa, anaufuta kwa shati lake, anampelekea golikipa mpaka mikononi. Mechi nzima. Halafu anarudi nyumbani anamwambia mama, "Tumeshinda." Mama anamwosha miguu.

Natafuta mahali atakapocheza yeye mwenyewe. Kisumu hapa, au kokote ambako naweza kwenda na kurudi kabla ya giza. Pesa za ada sina, hii tuktuk ni ya mtu na kila jioni anataka hesabu yake. Nimeuliza ofisini, nikatumwa dirisha hadi dirisha, la mwisho nikakuta wamekwenda kula. Mwenye kujua anisaidie.

Mwalimu Mstaafu, Vihiga:

Kijana wangu, pole na kazi. Nimefundisha kitengo maalum upande wa Mbale miaka mingi, kwa hiyo nitakwambia ninayoyajua.

Mambo haya hayana bango barabarani. Yamo ndani ya geti za shule, na anayeyashika ni mwalimu mmoja au wawili wenye moyo. Anza na kituo cha tathmini, kile sisi walimu tunaita EARC. Vilianza 1984 na vipo kila kaunti, kazi yao ni kupima watoto na kuwapeleka shule inayowafaa. Usiulize, "Kuna programu?" Watakwambia hakuna. Uliza, "Mwalimu gani hapa anapeleka wanafunzi kwenye Special Olympics?" Hapo utapewa jina. Ofisi ya kaunti ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu nayo uipitie, hasa kama hajasajiliwa.

Special Olympics ndiyo michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, isikuchanganye na Paralimpiki. Ilianzishwa Marekani 1968, na Kenya ipo. Mchezaji anaanza kushindana akiwa na miaka 8, na juu hakuna kikomo, kwa hiyo 19 bado ni kijana mbichi. Mwanamichezo halipishwi. Wanapangwa na wenzao wa uwezo unaokaribiana, hivyo mwenye kukimbia polepole anashindana na wa polepole.

Kuna aina moja wanaiita Unified, nadhani ndiyo itakayomfaa Kocha. Timu inachanganya wenye ulemavu wa akili na wasio nao. Mpira wa watu watano, uwanjani wanakuwa watatu wenye ulemavu na wenza wawili. Wenza wawe wa rika lake, kwa hiyo wewe mwenye ndevu kaa benchi.

Sasa jambo ambalo sitaki ulipite haraka. Kabla hajaanza, mpeleke kwa daktari. Karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na hitilafu ya moyo, na wengine ile mifupa miwili ya juu kabisa ya shingo imelegea. Mwambie daktari hivyohivyo: "Naomba aangaliwe moyo na shingo, anataka kucheza mpira." Hata akiruhusiwa, mimi sikuwaacha wangu wapige mpira kwa kichwa wala kubingirika. Ukiona analalamika shingo, au mwendo umebadilika, au mkojo unamponyoka na haikuwa kawaida yake, acha mchezo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Jirani wa Nyalenda:

Omera, huyo Kocha namjua! Alinipa mkono mara nne kabla hatujafika mjini. Kwani msimpeleke tu Dunga aogelee Jumapili? Bure.

Mwalimu Mstaafu, Vihiga:

Dunga kuna viboko, ndugu yangu, na kichocho. Ziwa ni la kutazama.

Mama wa Section 58, Nakuru:

Niko mbali lakini niongeze moja, na onyo.

Onyo kwanza. Ukiambiwa ulipe usajili na tisheti, kimbia. Hapa kwetu alikuja mtu, akatuchukulia wazazi shilingi 1,500 kila mmoja, Jumamosi moja akaja na kamera, watoto wakapigwa picha wamebeba mipira mipya. Mipira ikarudi kwenye gari. Hatujamwona tena, na simu hashiki. Kinachoniuma zaidi ni zile picha.

Baada ya hapo wazazi watano tulijianzishia wenyewe kwenye uwanja wa kanisa. Binti yangu ana mtindio wa ubongo, mikono haimtii, basi tunacheza boccia. Ni mchezo wa Paralimpiki tangu 1984, unachezwa mtu akiwa amekaa: mpira mweupe unatangulia, halafu upande mmoja una mipira sita myekundu, mwingine sita ya bluu, anayekaribia mweupe ndiye anapata. Asiyeweza kurusha anatumia mteremko. Sisi mteremko wetu ni bomba la plastiki la mvua lililopasuliwa katikati, mipira ni ya tenisi iliyochakaa, tumeitoboa tukaijaza mchanga na kufunga kwa gundi ya karatasi.

Sheria inasema anayemshikia mchezaji mteremko aupe uwanja mgongo. Kwa hiyo mimi nashika bomba, yeye ananiamuru kwa macho na kichwa: kushoto, zaidi, rudisha. Akiusukuma mpira kwa paji la uso nausikia ukiteremka, halafu sijui umefika wapi mpaka nisikie anacheka. Miaka kumi na mmoja mimi ndiye namwamulia kila kitu, hata soksi. Pale natii.

Kaka, usingoje mtu wa mbali. Tafuta wazazi wanne.

Tuktuk ya Kondele:

Mwalimu, Mama, asanteni. Narudi na habari, wiki sita baadaye.

Lile swali la "mwalimu gani" lilifanya kazi. Nilipewa jina siku hiyohiyo, dirisha lilelile. Ni shule ya msingi yenye kitengo maalum, mazoezi Jumatano saa tisa. Daktari alimwangalia moyo, akampiga picha ya shingo, akasema acheze ila kichwa kisiguse mpira. Mwalimu wa pale akaniambia nilete wenza wa rika lake. Nikawaendea haohao vijana wa kiwanjani. Waliahidi wanne, akaja mmoja, na nahisi alifuata lifti ya tuktuk.

Jumatano ya kwanza mpira ulimfikia Kocha akiwa peke yake mbele ya goli. Akauinama, akaushika kwa mikono, akaufuta kwa jezi, akampelekea golikipa wa wapinzani. Yule kijana wa kwetu aliangalia chini. Jumatano ya pili akaushika tena. Ya tatu akaupiga, ukatoka nje ukaingia kwenye michongoma, naye akaanza kuukimbilia. Kijana akamwambia, "Wewe baki, hiyo ni kazi yangu."

Sasa nina swali jingine. Mguu wake ni mfupi na mpana sana. Namba 5 inambana ubavuni, 7 inamtoka mguuni anapokimbia. Kibuye nimezunguka Jumapili mbili na mitumba yote nimepindua. Nani anajua fundi wa kupanua viatu vya mpira?