Mama kapewa kidonge chenye dawa mbili za kisukari, na vile vya zamani bado anameza. Naombeni ushauri

Binti wa Kilosa
Habari zenu wakuu. Naomba msaada, hasa kwa madaktari na wafamasia mliomo humu.

Mama yangu ana miaka 66, ana kisukari aina ya pili pamoja na presha. Muda mrefu alikuwa anatumia metformin ya miligramu 500, kimoja asubuhi kimoja jioni. Kliniki ya mwisho sukari ya asubuhi kabla hajala ilisoma 11.8 mmol/L, wakambadilishia dawa. Boksi jipya lina jina kubwa la kibiashara, na chini yake kwa maandishi madogo: metformin 500 mg, glibenclamide 5 mg. Nacho anameza asubuhi na jioni. Vile vya zamani hakuna aliyemwambia aviache, kwa hiyo anameza vyote.

Leo saa tano asubuhi akiwa anapalilia mchicha alianza kutetemeka, jasho likamtoka mpaka kanga ikalowa, akawa anaongea vitu visivyoeleweka. Asubuhi alikuwa amekunywa chai kavu tu. Jirani akampa soda, akakaa sawa. Sasa yeye anasema dawa mpya ni kali, hazitaki zote. Kaka anasema aendelee, mwili utazoea. Mimi niko Dar, yeye yuko na mdogo wangu. Tufanyeje?

Mwanakijiji wa Gairo
Pole sana dada. Wataalamu watakuja, ila mwambie kaka yako hilo si jambo la kuzoea. Hapo sukari ilishuka. Baba yangu alikuwa hivyohivyo.

Mfamasia_Moro
Pole na mama, dada. Kwanza la leo: asimeze kidonge kipya cha jioni kabla hamjaongea na daktari au kliniki yake. Apimwe sukari sasa hivi, na usiku asilale bila kula. Glibenclamide hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo sukari inaweza kupanda baada ya soda kisha ikashuka tena saa kadhaa baadaye, hata usingizini. Mdogo wako alale naye chumba kimoja. Kama kliniki haipatikani, mpelekeni hospitali leo hii.

Sasa nieleze kilichotokea. Hizo dawa mbili hazifanyi kazi sawa. Metformin huzuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu na husaidia mwili kuitumia insulini uliyonayo, yaani homoni inayoshusha sukari. Ikiwa peke yake ni nadra sana kushusha sukari kupita kiasi. Glibenclamide inalikamua kongosho litoe insulini, na inafanya hivyo mtu awe amekula au hajala. Chai kavu, kisha jembe juani: insulini ipo, chakula hakipo.

Kuhusu vya zamani, mama anakunywa metformin mara mbili kwa majina mawili. Jumla inafika miligramu 2,000 kwa siku. Mtu mwenye figo nzima anaweza kuandikiwa kiasi hicho, lakini aandikiwe na daktari anayejua, isitokee kwa bahati mbaya. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu wote: lile jina kubwa la boksi liacheni, someni maandishi madogo. Ukiona neno moja limejirudia kwenye maboksi mawili, rudi uulize kabla ya kumeza.

Jambo jingine ni umri. Shirika la Afya Duniani linashauri glibenclamide isitumike kwa wenye miaka 60 na kuendelea, kwa sababu ya hatari hii hii. Gliklazaidi ni ya kundi hilohilo na ni salama zaidi kwao. Muulizeni daktari kuhusu hilo bila woga, ni haki yenu.

Asiache dawa zote kwa hasira, 11.8 nayo inaharibu macho na figo. Na niambie, presha anatumia dawa gani? Ana vipimo vya figo?

Binti wa Kilosa
Asante sana mkuu, umenitoa gizani. Mdogo wangu kapiga kliniki, wamesema asimeze kidonge kipya, aendelee na metformin ya zamani, na kesho asubuhi aende na maboksi yote. Sukari sasa ni 6.4 na amekula ugali na samaki. Presha anatumia atenolol. Figo sikumbuki lini alipimwa.

Sista wa Wodi 4
Atenolol izingatieni. Inaweza kuficha kutetemeka na moyo kwenda mbio, jasho ndilo hubaki. Kwa hiyo mama akitokwa jasho bila sababu, msingoje dalili nyingine.

Mdogo wako ajue hivi: mashine ikisoma chini ya 4, vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, anywe papo hapo. Baada ya dakika 15 pima tena, kama bado rudia. Ikipanda, ale chakula kamili. Akiwa amezimia au hawezi kumeza, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Nimepokea wagonjwa waliopaliwa na uji kwa sababu ya kuhurumiwa.

Kesho aombe kipimo cha kreatinini, cha kuangalia figo. Figo zikiwa dhaifu metformin hupunguzwa au husimamishwa, na glibenclamide hulimbikizana.

Kijana wa Mlonge
Mpe unga wa mlonge asubuhi na jioni, atasahau vidonge.

Mfamasia_Moro
Ndugu yangu, mtu ambaye sukari imemshuka leo usimwongezee kitu kingine kinachoweza kuishusha. Kama anatumia miti shamba yoyote, daktari aambiwe. Hata Septrin, ile dawa ya kuua bakteria, ikichanganywa na glibenclamide inaweza kushusha sukari, na watu huinunua dukani kama pipi.

Binti wa Kilosa
Swali la mwisho wakuu. Mama hufunga Ramadhani kila mwaka na hataki kusikia habari ya kuacha. Itakuwaje?

Mfamasia_Moro
Hilo alipeleke kliniki mwezi mmoja au zaidi kabla ya mfungo. Metformin hupangika, wengi huipata futari na daku. Hizi za kukamua kongosho ndizo zenye hatari: daktari hubadilisha dawa, au hupunguza dozi ya daku na kuacha dozi kubwa iwe ya futari. Kwa mtu wa umri wake aliyeshuka sukari karibuni, daktari anaweza kumwambia asifunge, na dini imempa ruhusa. Akiruhusiwa, apime mchana pia. Masheikh wengi wanasema kuchoma kidole hakubatilishi funga. Ikisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6, afungue saa hiyohiyo, hata kama adhana imebaki robo saa.