Katundika ndoo ya kombe KWENYE BANGO linalokataza kuokota kombe!!

Wakuu nimetoka ufukweni sasa hivi mikono inatetemeka kwa hasira. Yule jamaa wa ndoo mnamjua wote sina haja ya kumtaja, leo kapitiliza. Maji yamekupwa, mwamba uko wazi, yeye na mtaimbo wake anabandua kila chenye gamba, hata vitoto vya kombe vya ukubwa wa ukucha havijapona, yani mawe yangekuwa yanalika angeondoka na mwamba mzima. Ndoo ikajaa. Akaitundika wapi? KWENYE BANGO. Marufuku kuokota kombe na konokono, herufi nyekundu hata aliye mwezini anasoma, kwake yeye ni msumari wa kutundikia ndoo!

Nikamwambia kaka hapa pamehifadhiwa, akanijibu "dada hivi vidudu tu, bahari inazaa kila siku" huku anajifuta mikono kwenye bango lilelile.

Inazaa na nini? Kombe wengi humwaga mbegu na mayai majini, wakibaki wachache waliotawanyika mbegu haikutani na yai, basi. Wale wakubwa wa kwenye matumbawe, wanaofika hadi zaidi ya kilo 200, jamii yao yote iko kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1985, unadhani ni kwa mapambo? Na humo ndooni kulikuwa na konokono baragumu, ndiye anayemla yule kiti cha pwani mwenye miiba anayemaliza matumbawe, sasa tukimtoa nani amle? Mawe aliyopindua kayaacha hivyohivyo, mayai na sponji za chini yake zinaungua na jua.

Ila ndoo kwenye bango wakuu. Kwenye bango!!

maji_makupwa: Sasa wewe ulipiga simu kwa askari wa doria au ulibaki unasoma herufi nyekundu tu?

Mleta uzi: Nimepiga, wamesema wanakuja. Muda wote huo ndoo iko KWENYE BANGO inachuruzika maji.

chazamwitu: Huyohuyo! Mimi aliwahi kuniomba nimshikie mtaimbo, hana hata chembe ya aibu.

mzee_wa_boya: Huyo ana nafuu. Njooni muone wazamiaji na mapezi yao, matumbawe ya duara hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka, mtu anasimama juu yake arekebishe miwani halafu anapiga picha anasema napenda bahari.

mapezi_marefu: Usituchafue, tunafundishwa kutogusa kitu. Nyie wa boti mnashusha nanga juu ya matumbawe, upepo ukigeuka mnyororo unafagia kila kitu, hilo hulisemi?

mzee_wa_boya: Tufunge wapi kama maboya ya kufungia hayajawekwa? Tuelee?

chazamwitu: Mshushe kwenye mchanga, macho mnayo.

Mleta uzi: Jamani uzi huu ni wa NDOO. Kwenye bango.

maji_makupwa: Dada subiri kidogo. Mzee wa boya, huo mnyororo wa boti yako una urefu gani kwani?

mzee_wa_boya: Unaniuliza kama nani? Waulizeni kwanza wanaotupa nyavu mbovu baharini.

mapezi_marefu: Hajajibu huyo. Wote mmeona hajajibu.