Pakiti za kilo 2: mashine mpya ya kujaza, mizani ya mkanda, au chati na kalamu?

Msagishaji_Naks
Wakuu, nisaidieni kabla bosi hajatia sahihi. Tunasaga mahindi hapa Nakuru, unga wa pakiti za kilo 2. Tunajaza kwa mashine ya zamani ya parafujo (skrubu kubwa inayozunguka na kusukuma unga), kisha kijana anaongeza au kupunguza kwa kijiko juu ya mizani. Tuna njia tatu: (a) mashine mpya inayojaza huku ikipima uzito, (b) kubaki na ya zamani na kuweka mbele yake mizani ya mkanda inayosukuma nje pakiti pungufu, (c) kutonunua kitu, tupime sampuli na kuchora chati. Bosi anataka (b). Mimi nasita.

FundiMizani
(b) haitengenezi uzito, inautangaza tu. Parafujo hupima ujazo: mizunguko ni ile ile, lakini unga ukiwa mwepesi, au hopa (chombo cha unga kinacholisha mashine) ikishuka hadi robo, kinachoingia pakitini hubadilika. Hopa yenu inajazwa vipi?

Msagishaji_Naks
Kijana anamwaga akikumbuka 😄

FundiMizani
Basi anzia hapo. Kihisi cha kiwango na mota ndogo ya kulisha hopa ni pesa kidogo ukilinganisha na (a) au (b).

Mstaafu_Eldoret
Vijana, msidharau (c). Walter Shewhart alichora chati ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1924 kule Marekani, na kompyuta hazikuwapo. Chukua pakiti 5 zinazofuatana kila nusu saa, KABLA ya huyo wa kijiko kuzigusa, la sivyo utakuwa unampima yeye. Andika wastani wa kundi, na tofauti kati ya pakiti nzito kabisa na nyepesi kabisa. Ukifikisha makundi 25, tafuta wastani wa zile tofauti, uzidishe kwa 0.577, namba maalumu ya makundi ya pakiti 5. Tuseme wastani wa tofauti ni gramu 20: mipaka yako ni kama gramu 11.5 juu na chini ya wastani wa makundi yote. Wastani wa kundi ukiwa ndani ya mipaka, mashine isiguswe. Mwendeshaji anayekaza na kulegeza kila akiona pakiti moja nyepesi ndiye anayeiyumbisha. Kundi likitoka nje, simamisha kazi mtafute sababu.

Nilikuwa kwenye vitambaa mimi. Mtambo wa kufuma husimama wenyewe uzi ukikatika. Sakichi Toyoda wa Japani alikuwa nao wa aina hiyo mwaka huo huo wa 1924. Sasa mizani inayotupa pakiti 40 mfululizo huku laini ya kujaza inaendelea kutembea, hiyo inamsaidia nani?

Boda_wa_Luanda
Mzee, bosi anataka kitu cha kuonyesha wageni. Chati ya kalamu haing'ai.

FundiMizani
Kuwa wa haki kwa (b), mzee. Ziko zinazorudisha taarifa kwa parafujo ili ijirekebishe, na zinazosimamisha laini pakiti kadhaa zikikosa kwa kufuatana. Muulize muuzaji kama yake inafanya hivyo. Akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

Msagishaji_Naks
Na sheria? Kwa sasa tunajaza kupita kiasi ili tusikamatwe.

FundiMizani
Mwongozo wa shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, OIML R 87, unaruhusu upungufu wa gramu 30 kwa pakiti ya kilo 2, lakini ni pakiti chache tu zinazoweza kupita hapo, hakuna hata moja inayopungua zaidi ya 60, na wastani wa shehena hauruhusiwi kuwa chini ya kilo 2. Ya Kenya kamuulize afisa wa vipimo. Hasara hesabu mwenyewe: gramu 15 za ziada kwa pakiti 10,000 ni kilo 150. Pakiti 75 umegawa bure.

Nyar_Kisumu
Wote mmeshikilia uzito tu. Unga wa mahindi wa pakiti ni lazima uongezwe vitamini na madini tangu 2012. Kile kifaa kidogo cha kudondosha virutubisho kikiziba, mizani yako itasoma kilo 2 kamili na chuma hakimo. Kipimo cha madoa mekundu, yanayoonyesha kuwa chuma kimo, hufanywa kwa dakika chache hapo hapo kiwandani. Kifanyeni kila zamu. Halafu aflatoksini, sumu ya ukungu: kikomo ni sehemu 10 kwa bilioni, na sumu hiyo hukaa kwenye punje chache tu, kwa hiyo gunia moja la mlangoni halikuambii lolote kuhusu lori zima. Chukueni sampuli kwenye magunia mengi, na unyevu ukizidi 13.5% lori lirudi. Sisi wa samaki tulifunzwa kwa fimbo: miaka ya mwisho ya 1990 Ulaya ilifungia mbuta (sangara) wa Ziwa Victoria kwa hofu ya usalama wa chakula, na hakuna aliyeuliza kama katoni zina uzito kamili.

Msagishaji_Naks
Hapo umenimaliza, dada. Nitamwomba bosi mwezi mmoja wa (c) na kihisi cha hopa. Tukiona parafujo yenyewe imechoka, tununue (a). Mizani ya kupimia sampuli tuihakiki kila asubuhi kwa pakiti ya kilo 2 tuliyoitenga?

Mstaafu_Eldoret
Hapana! Unga hunyonya unyevu na kuuachia. Nunua jiwe la mizani la chuma lililopigwa muhuri.

FundiMizani
Na meza ya mizani iwe mbali na kinu. Mtetemo huo utakudanganya kutwa.