Nimepewa kitengo cha saratani. Utafiti ndiyo basi?

Dokta_Njiapanda
Wakuu, shikamooni. Nina miaka minne tangu nimalize ubingwa wa saratani. Juzi nimeitwa ofisini nikaambiwa kuanzia mwezi ujao nishike kitengo. Nina utafiti wangu wa limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) ya watoto, wagonjwa 61 wako kwenye daftari, na karibu nusu yao sijui wako wapi. Aliyenitangulia hakuandika makala hata moja tangu apewe kiti. Mliopita huko, mliwezaje? Au nikatae?

Kaka_Mionzi
Kataa. Utakuwa daktari wa vikao.

Mzee_wa_Wodi
Marahaba, mdogo wangu. Usikatae, ila weka masharti kabla hujasaini. Ukishasaini, nani atakusikiliza?

Kiti hicho nilikikalia miaka tisa. Mwaka wa kwanza niliboronga: niliacha kliniki nikijidanganya kwamba nitarudi mambo yakitulia. Asubuhi tenda ya glavu, mchana kikao cha jenereta, jioni ndugu wa mgonjwa analia mlangoni. Siku moja nesi akaniletea karatasi ya dozi nisaini. Mtoto mwenyewe simjui, na uzito ulioandikwa ni wa miezi mitatu nyuma. Tukampima: amepungua kilo nne! Dozi ya kemo, yaani dawa za saratani, tunaipiga kwa urefu na uzito, sasa kilo nne kwa mtoto si mchezo. Nikaagiza mizani ihamishiwe mlangoni pa chumba cha dawa, na karatasi isiyo na uzito wa siku hiyo isipokelewe. Ilichukua dakika kumi, lakini nesi yule alikuwa ameliomba jambo hilo muda mrefu bila kusikilizwa. Ndipo nilipoacha kudharau cheo.

Vinkristini, mojawapo ya dawa hizo za kemo, ni hivyo hivyo. Ni dawa ya mshipa, ikiingizwa kwenye uti wa mgongo inaua. Daktari wa kawaida ataonya. Mkuu anaamuru famasi iitoe kwenye mfuko mdogo wa dripu badala ya sirinji, hapo hata mtu aliyekesha hawezi kuidhania sindano ya mgongo.

Kuhusu utafiti, tazama hospitali ya Mulago, Kampala. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji tu, akaona watoto wenye uvimbe wa taya, ambao leo tunaujua kuwa ni limfoma, akaandika mwaka 1958. Akawatumia madaktari wa hospitali nyingine vipeperushi vyenye picha kuwauliza kama nao wanauona, kisha mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakazunguka na gari kuukuu la Ford takriban kilomita 16,000. Maabara yake ilikuwa maswali. Taasisi ya saratani ilipoanzishwa hapo mwaka 1967, aliiongoza Mmarekani John Ziegler. Alipoondoka mwaka 1972, enzi za Idi Amin, akaishika Mganda Charles Olweny. Mashine ya mionzi hawakuwa nayo, kwa hiyo watoto wenye ugonjwa wa Hodgkin (aina nyingine ya limfoma) aliwatibu kwa dawa peke yake, akafuatilia, akachapisha mwaka 1978. Nchi zenye mashine zilikuwa bado zinategemea sana mionzi. Mimi humtaja Olweny kuliko Burkitt, maana yeye alikuwa na kiti na matatizo yake yote, na swali akalitoa humo humo kwenye upungufu.

Sharti langu kwako ni moja: siku nzima ya kliniki kila wiki, iandikwe kwenye barua ya uteuzi. Ya mdomo italiwa na vikao.

Rejista_Girl
Shikamoo mzee. Dokta, mimi si daktari, natunza rejista. Hao usiojua walipo usiwahesabu kama wazima, wala usiwafute. Andika tarehe ya mwisho kuonekana. Na simu moja haitoshi: chukua ya jirani na ya kiongozi wa dini. Mama akibadilisha laini, mchungaji au imamu anajua alikohamia.

Dokta_Njiapanda
Asanteni sana. Nimeomba siku nzima, nimepewa nusu, Jumatano asubuhi, na iko kwenye barua. Mzee, nimekwenda kuitafuta mizani yetu. Iko nyuma ya kabati la mashuka, hatua 43 kutoka chumba cha dawa. Betri haina.

Mzee_wa_Wodi
Nunua betri kwa hela yako, usisubiri tenda.